Karatasi inasema AS, mimi nilizaliwa SS. Mtoto atachukua ipi?

FundiWaLuthuli aliuliza:

Hamjambo wanajamvi. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu. Hadithi hii ukiisoma nusu utanipa ushauri nusu.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko ghorofa ya pili kwenye jumba moja hapa Luthuli Avenue, pale ngazi inanuka moshi wa kulehemu kuanzia saa mbili asubuhi. Nilizaliwa na selimundu, SS, yaani jeni zote mbili, ya baba na ya mama, zina kosa; A ndiyo jeni nzima. Maumivu sitayaeleza. Aliyewahi kukesha akisikia mifupa yake inasagwa anayajua, asiyeyajua ashukuru. Mwaka wa 2019 nilipandikizwa uboho India, mjini Chennai. Aliyenipa ni dada yangu wa tumbo moja, yeye ni AS, ana jeni moja tu yenye kosa, na hajaugua maishani. Kwetu tuko wanne, na ni yeye peke yake aliyelingana nami. Shamba la baba kule Ugenya lilipungua, harambee zilifanywa tatu, deni la mwisho nimelilipa mwaka huu. Uboho ulishika. Tangu nirudi sijalazwa hata usiku mmoja.

Sasa nina mchumba, mtu wa Busia. Mama yake ni muuguzi mstaafu, akasema kabla hatujapeleka ng'ombe hata mmoja tupimwe damu. Hakuna ubaya. Tukaenda maabara moja, jina nalibana. Fomu yao iliuliza jina, umri, namba ya simu na nitalipaje. Kama nimewahi kupandikizwa chochote, hakuna aliyeuliza, nami sikusema kwa sababu siku hizi najiona mzima mpaka nasahau.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu nirudi nichomwe tena. Nikachomwa. Jioni wakanipigia tena. Binti wa pale ananiangalia kama simu iliyoingia maji: "Kaka, damu yako inanichanganya. Chembe zinasema O, lakini maji yake yanakataa kuwa O." Mimi tangu kadi ya kliniki ya utotoni ni A. Mwishowe wakachapa wanavyojua wao: kundi O, himoglobini AS. Mchumba wangu naye ni AS.

Mshauri wa hapo akatuchorea visanduku vinne kwenye karatasi. AA, AS, AS, SS. Moja kwa nne mtoto kuwa SS, akasema. Mchumba wangu hakunena neno mpaka tulipofika steji ya Umoja, ndipo akasema, "Moja kwa nne naweza kuiombea."

Usiku sikulala. Niseme kifundi. Simu ikija na bodi iliyokufa, natoa bodi ya simu nyingine natia humo. Ukibonyeza *#06#, namba inayotokea ni ya bodi iliyoingia. Lakini sanduku la dukani bado lina namba ya zamani, na kava ni lile lile lenye mkwaruzo wa mwenyewe. Mimi nimebadilishwa bodi. Ripoti ya mwisho ya Chennai inasema chembe zangu nyeupe ni za dada kwa asilimia 91, zina XX, alama ya kike, na wenzangu wa kibanda wakaipata wakaanza kuniita Shangazi. Lakini mtoto anatoka wapi, kwenye bodi au kwenye kava? Ile AS kwenye karatasi ni yangu au ni ya dada?

Na hili nauliza tu kwa sababu linaniwasha: kabla ya kwenda India kuna protini waliyoitafuta kwenye damu yangu, haptoglobini, wakaikosa kabisa. Sasa ipo. Ni ya nani hiyo?

MzeeWaKaratasi alijibu:

Kijana, unajitafutia presha ya bure. Uboho ndio kiwanda cha damu, kiwanda kikibadilika mali yote imebadilika. Maabara imekupima mara tatu ikakupa AS, wewe unataka nini zaidi? Siku zetu hatukupima chochote na tuliwazaa nyinyi. Oeni.

Konda_Namba58 alijibu:

Shangazi pokea salamu. Sina elimu ya hayo mambo lakini nangoja mjibuji kama abiria wa mwisho.

Darubini_Eastlands alijibu:

Mdogo wangu, mzee hapo juu namheshimu, ila kwa hili usimfuate. Nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na minne, sita kati yake benki ya damu, na kisa chako nitakieleza kwa urefu kwa sababu fomu kama hiyo uliyojazishwa imeshawahi kunikasirisha.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa kuzaa, wewe ni SS. Uboho wa dada yako unatengeneza damu: chembe nyekundu, nyeupe, na vigandishi. Hautengenezi mbegu za kiume. Hizo zinatoka kwenye korodani zako ulizozaliwa nazo, na huko jeni ni zile zile ulizopewa na baba na mama. Kila mbegu yako inabeba S, hakuna isiyobeba. Mchumba wako ni AS, kwa hiyo yai lake lina A au S, nusu kwa nusu. Chukua ile karatasi ya visanduku uichore upya: AS, SS, AS, SS. AA haimo kabisa. Ni nusu, na nusu hiyo inaanza upya kila mimba. Wa kwanza akizaliwa mgonjwa haimaanishi wa pili amesamehewa.

Najua inauma. Lakini mngefunga ndoa juu ya hesabu ambayo si yenu.

Sasa yule binti. Msimlaumu, alifanya jambo zuri kukataa kuchapa haraka. Kundi la damu hupimwa pande mbili. Upande mmoja tunachukua chembe nyekundu tuone zina alama ya A au B. Upande wa pili tunachukua maji ya damu tuone yana kingamwili za kushambulia nini. Mtu wa O wa kuzaliwa, maji yake hushambulia chembe za A na za B. Yako nakisia yanashambulia B tu na kuiacha A salama, kama ya mtu wa kundi A. Kwa nini? Kwa sababu chembe nyekundu ni za dada, O, lakini kuta za mishipa yako, figo zako, utumbo wako, zote bado zina alama ya A. Kinga iliyotokana na uboho wa dada imekulia ndani ya nyumba iliyojaa A, ikajifunza kutoigusa. Ingeigusa ungekuwa taabani. Kwa hiyo pande mbili hazitakubaliana, leo wala miaka kumi ijayo. Ukihitaji kuongezewa damu, chembe upewe za O, lakini maji ya damu au vigandishi upewe vya A au AB, si vya O. Hilo liandike kwenye kikadi ukae nacho kwenye pochi, maana ukianguka barabarani hakuna atakayesoma jamvi hili.

Niulize kitu: wiki ya pili baada ya kupandikizwa, macho yalibadilika manjano? Hutokea mtoaji akiwa O na mpokeaji A. Chembe za kinga zilizokuja pamoja na uboho huwa zinaipiga damu ya zamani iliyobaki. Huwa inapita.

Haptoglobini sasa, swali lako zuri kuliko yote na wewe umeliweka mwisho kama la kudokeza. Protini za damu hazitoki kiwanda kimoja. Himoglobini inatengenezwa ndani ya chembe nyekundu zikiwa changa kwenye uboho, kwa hiyo yako ya leo ni ya dada. Ni minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Ule wa beta una asidi-amino 146, na ugonjwa wote uliokulaza macho ni kosa la ya sita tu: palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pakakaa valini. Dada ana jeni moja nzima na moja yenye kosa, ndiyo maana mashine inaona A na S pamoja.

Haptoglobini haitoki huko. Inatoka kwenye ini. Kazi yake ni kuokota himoglobini inayomwagika chembe nyekundu zinapopasuka. Wewe ulipokuwa SS chembe zilikuwa zinapasuka mchana na usiku, ini likitoa haptoglobini inaishia hapo hapo kazini, kwa hiyo wapimaji hawakuona kitu. Haikuwa kwamba huna. Ilikuwa inatumika yote. Chembe za dada hazipasuki ovyo, basi imebaki ya kuonekana. Ni yako mwenyewe, kutoka ini lako. Hata aina yake ni yako: haptoglobini ina aina tatu kuu za kurithi, 1-1, 2-1 na 2-2, alizozitenganisha Oliver Smithies mwaka wa 1955 kwa kupitisha umeme kwenye tope la wanga lililoganda. Ukipimwa aina hiyo leo utapata ile ile uliyozaliwa nayo hata kama ya dada ni nyingine. Albumini pia ni yako, na ile inayobeba chuma, transferini, pia.

Kingamwili ndizo zinakaa katikati. Zinatengenezwa na chembe za ukoo wa uboho, kwa hiyo taratibu zinakuwa za dada. Lakini chembe za zamani zinazozitoa zina maisha marefu na hazifi zote siku ya dawa za kuua uboho wa zamani, kwa hiyo kwa miezi mingi huwa ni mchanganyiko. Nafikiri walikurudishia chanjo za utotoni kwa sababu kinga uliyojenga tangu kliniki iliondoka na uboho wa zamani.

Kwa hiyo bomba moja la damu yako, lile la kifuniko cha zambarau, lina watu wawili ndani. Ulisema bodi na kava. Mimi ningesema ini lako halikubadilishwa bodi.

Asilimia 91 nayo isikutie hofu. Hiyo ni ya chembe nyeupe, wanaipata kwa kulinganisha vipande vya DNA vinavyojirudia, idadi ya marudio ikitofautiana kati ya mtu na mtu. Ni ukoo wa kazi ya Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aliyegundua alama za DNA mwaka wa 1984. Kabla ya hapo watu walifuatilia uboho ulioshika kwa makundi ya damu, kwa vimeng'enya vya chembe nyekundu, kwa aina za kingamwili. Chembe zako nyekundu zenyewe karibu zote ni za dada, zaidi ya hiyo 91, kwa sababu chembe yenye SS inaishi siku kumi hadi ishirini hivi na nzima inaishi kama 120. Za zamani hata zikizaliwa zinakufa kabla hazijajaa. Ndiyo maana katika selimundu hata mtoaji akishika asilimia 20 tu kwenye uboho, mara nyingi mgonjwa anapona maumivu.

Kuhusu DNA, kwa kuwa mjini hapa kila mlingoti una tangazo la kupima baba: usikubali kupimwa kwa damu. Damu yako itatoa DNA ya dada yako na kivuli kidogo chako. Mtoto wako halali ataonekana kama mpwa wa mtu, na karatasi itaandikwa "si baba". Pamba ya shavuni pia inadanganya, mate yana chembe nyeupe nyingi. Unywele wenye mzizi ni afadhali, na kipande cha ngozi ni bora zaidi. Tena huko Chennai lazima walichukua DNA yako kabla ya kupandikiza, la sivyo wasingekuwa na cha kulinganishia hiyo 91. Waandikie barua uombe nakala.

La mwisho na sitalirefusha. Dawa za kuua uboho wa zamani zinaweza kuumiza mbegu. Kabla ya visanduku vyovyote, pima mbegu zako.

MzeeWaKaratasi alijibu:

Nilisema kama mzazi, sikusema kama daktari. Lakini nieleze, binti, hii S imetoka wapi hata ikawajaa watu wa ziwani na pwani, sisi wa Nyeri hatuna?

Darubini_Eastlands alijibu:

Mzee, hilo liligunduliwa hapa hapa kwetu. Anthony Allison, aliyelelewa Gilgil, alikuja mwaka wa 1949 na msafara wa Oxford wa Mlima Kenya akapima damu za watu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria aliikuta S kwa wingi, watu ishirini, hata thelathini katika mia. Nyanda za juu na sehemu kavu, chini ya mmoja. Akaona palipo na mbu ndipo ilipo S. Mwaka wa 1954 akachapisha kwamba mwenye AS anakingwa na malaria. Kwa hiyo mlichokwepa Nyeri ni mbu, mzee, hamkufanya kitu kingine.

MamaWawili_Kawangware alijibu:

Samahani naingilia. Wangu wa pili ni SS, ana miaka saba. Wa kwanza ni AS. Daktari alisema tuwalinganishe lakini shemeji yangu anasema mwenye AS hawezi kutoa uboho kwa sababu "naye ana ugonjwa". Niache?

Darubini_Eastlands alijibu:

Usiache, mama. AS si mgonjwa na anakubaliwa kutoa, fundi wetu hapa ni shahidi. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kwa nne ya kulingana kikamilifu. Wapime. Na mdogo akipandikizwa, siku akikua mweleze alilosomewa fundi leo.

FundiWaLuthuli alijibu:

Asante Darubini, nikuite dada mkubwa kama hutakataa. Macho ndiyo, yalikuwa manjano siku ya kumi, muuguzi wa kule akanionyesha kwa kioo cha simu yake, mimi nikadhani nakufa na hela za watu. Chanjo pia nilirudia, nikiwa kwenye foleni na watoto wachanga, mama mmoja akaniuliza mtoto wangu yuko wapi.

Nimekaa na jibu lako siku tatu kabla ya kumwambia. Nilifikiria kutomwambia, nisiwadanganye. Karatasi ipo, ina muhuri, inasema AS. Hakuna mtu angenishika.

Jana baada ya kazi nikamchukua, tukaketi bustani ya Jeevanjee kwenye benchi ya upande wa Moi Avenue. Nikamchorea visanduku kwa nyuma ya risiti ya skrini. Nilivichora vibaya, mkono ulikuwa unatetemeka, mimi ambaye nalehemu vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Akaangalia kwa muda mrefu. Mhubiri wa pale alikuwa amefika kwenye maombi ya visa.

Akasema, "Kwa hivyo ile moja kwa nne ilikuwa ya dada yako."

Nikamwambia ndiyo. Kama ni dada yangu angekuwa mwanaume akamwoa yeye, hesabu ingekuwa ile. Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akauliza kama mtoto anaweza kujulikana kabla ya kuzaliwa. Nilikuwa nimepiga simu hospitali asubuhi kuuliza: wanaweza kuchukua kipande kutoka kondo la nyuma kuanzia wiki ya kumi hivi, au maji ya mimba kuanzia wiki ya kumi na tano. "Halafu ukishajua?" akaniuliza. Sikuwa na la kujibu hapo. Akasema mama yake amewahi kulea wodi ya watoto wa SS miaka ya tisini, kabla ya dawa za siku hizi, na kwamba yeye mwenyewe atamwambia, mimi nisiende.

Leo asubuhi nimerudi pale maabara na fomu mpya ya kupima mbegu. Binti ni yule yule. Nikaandika kwa juu, herufi kubwa: NIMEPANDIKIZWA UBOHO 2019, MTOAJI NI DADA, KUNDI LA KUZALIWA A. Akatafuta kwenye kompyuta mahali pa kuyaingiza akakosa, akaniuliza ayaweke wapi. Nikamwambia hata mimi sijui. Akayaandika kwa kalamu kwenye bomba lenyewe, akazungusha.

Mchumba wangu ana karatasi zote sasa, ya Chennai, ya hapa, na risiti yenye visanduku. Alizikunja jana akazitia kwenye mkoba wake. Tuna miadi na mshauri wa jeni Alhamisi saa tatu, na yeye ndiye aliyepiga simu kuiomba.